Niliwafundisha darasa la saba kusema "hapana", wakaanza na sisi walimu

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi wala pilipili.

Mimi ni ticha wa kike, shule ya msingi huku Buhongwa. Nilipewa kipindi cha darasa la saba kuhusu unyanyasaji wa kijinsia: mwili wako ni wako, na mkubwa asitumie cheo chake kukulazimisha jambo.

Tukafanya igizo. Nikawa bodaboda: "Mrembo, panda nikupe lifti, na chipsi juu."

Darasa zima: "Sitakiii!" Raha tupu.

Nikawa mwalimu: "Niletee maji nyumbani kwangu. Uje peke yako."

"Ndiyo mwalimu!"

Kwa pamoja, wakuu, kama tulivyowazoesha tangu chekechea. Nilichoka.

Nikawaambia hata mwalimu anakatalika, kwa adabu. Minza, binti mpole wa dawati la nyuma, akauliza: "Na fimbo je, mwalimu?"

Nikamwahidi nitasimama naye. Kuahidi ni rahisi, na mimi mwenyewe bado mgeni kazini.

Wiki iliyofuata mwalimu mwenzangu, mkubwa kwangu, akaingia ofisini amefura. Alimwagiza Minza ampelekee ndoo ya maji kwake jioni, mtoto akamjibu, "Samahani mwalimu, peke yangu siendi." Akataka Minza achapwe mbele ya wenzake.

Nia yake siijui. Minza naye hakuwa na wajibu wa kuijua.

Mwalimu mkuu akamwita Minza ofisini, sote tupo. "Nani kakufundisha kumkatalia mwalimu?"

Minza machozi yanamlengalenga, kainamisha kichwa, hakunitaja. Jamani, mtoto ananilinda mimi!

Nikasimama. "Ni mimi, mkuu. Kama ni fimbo, nianze mimi."

Mkuu akamgeukia yule mwalimu, akasema: "Kuanzia leo maji ya nyumbani kila mwalimu achote mwenyewe. Wewe binti, rudi darasani."

Nusu ya ofisi ilinuna. Mimi nilitamani kupiga vigelegele.

Sasa cheka na hili. Juzi nimechoka, nikamwambia Minza anibebee mkoba hadi nyumbani.

"Hapana mwalimu. Labda nimwite Rehema tuje wawili."

Niliubeba mwenyewe njia nzima, nacheka peke yangu, watu wananishangaa.

Nilichojifunza: mtoto ambaye hajawahi kuruhusiwa kumkatalia mtu mwema, hataweza kumkatalia mbaya.

Kwenu mtoto akisema hapana inakuwaje? Tiririkeni, nasoma zote.