Mama Maua wa Ipuli

Wifi yangu Koleta hakuwa na mtoto, nalisema mapema ili tusizungukane. Aliolewa na kaka yangu Dionis kwa ndoa ya kanisani, shela na kila kitu, miaka ikapita na nyumba ikabaki kimya. Kwetu Tabora mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe, na jina lake la ubatizo huwaachia mapadri. Koleta alikuwa anaelekea kuzeeka na la ubatizo peke yake, mpaka maua yalipompa jingine. Watoto wa mtaa wetu wa Ipuli walianza, wakubwa wakafuata, ikawa Mama Maua. Mimi niliyezaa nikaitwa Mama Jilala sijawahi kuona mtu akiitika jina lake upesi kama wifi alivyoitika hilo. Ungemwita toka upande wa pili wa kisima, angeitika kabla hujafunga mdomo.

Hiyo ilikuwa miaka ya baada ya vita, Mwingereza bado yuko bomani na bendera yake. Kaka alikuwa seremala wa misheni, nami, mjane, niliishi nao chumba cha uani. Kwa hiyo ninayoyasimulia nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kupitia ukuta. Wifi hamsifu wifi mwenzake bila kulazimishwa, lakini kwa maua nalazimika. Alikuwa na mkono.

Alikuwa na sheria zake pia. Joto likishapamba moto mwezi wa kumi, ardhi imepasuka na miyombo ya porini inatoa majani mapya mekundu kabla ya tone la kwanza la mvua, Koleta alikaa kizingitini na kuanza kuchagua. Kila mwaka alichagua upya, na kila mwaka ilibidi nimsikilize. Asumini inanukia, alisema, lakini hukaa altareni mpaka Injili tu, ikifika mahubiri imeshapukutika. Yale madogo ya pinki hayafi hata ukiyasahau, ila yanaota makaburini, nani atampelekea Mama Maria maua ya makaburini? Mrehani ni wa kuweka mlangoni, kufukuza mbu na maneno ya watu. Mawaridi aliyapenda kuliko yote, akayapanda, mchwa wakayala. Akayapanda tena, wakala tena. Basi mapenzi yake yote akayahamishia kwenye mayungiyungi meupe aliyopewa na masista. Wakati wa kiangazi vitunguu vyake vya mbegu vililala ndani ya kapu la majivu chini ya kitanda cha ndoa, na kaka hakuruhusiwa kuweka viatu hapo.

Mvua zikianza alivifukia, na sikukuu ya Bikira Maria ya Desemba ilikuta mayungiyungi yamesimama. Sista Veneranda, mtunza sakristia, alikuja mwenyewe kuyachukua. Tulipoingia Misa watu waligeuka kumtazama Koleta. Alikuwa akiinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini alikuwa akihesabu nani ametazama na nani hakutazama. Najua, kwa sababu akifika nyumbani aliniambia.

Kisha akaja Marcelina. Mumewe Hilari alikuwa mchochea moto wa garimoshi, Wagogo wote wawili, kwao Kintinku. Nyumba za reli zilikuwa zimejaa, wakapanga mkabala na sisi. Alikuja na kundi la watoto, mkubwa wao Kasimiri, kwa hiyo Mama Kasimiri lilikuwa jina lake kwa haki, jina zuri, la kumtosha mtu yeyote.

Sisi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita kwao wakienda pwani na pembe mabegani, wao wakawatoza hongo hata kwa kata ya maji. Wakapigana, wakazikana, mwishowe wakaamua kuchekana. Mtani akikutukana huruhusiwi kukasirika. Akiingia kwako akabeba kitu, unamwacha, nawe siku yako utabeba chake. Siku ya kwanza tu pale kisimani Marcelina aliweka mguu mbele ya ndoo ya Koleta.

"Mnyamwezi, lipa hongo kwanza."

"Hongo ya nini? Ninyi mlizoea kuuza maji ya Mungu," Koleta akamjibu.

"Na ninyi mlizoea kubeba mizigo ya watu. Ona shingo yako ilivyozama."

Foleni nzima ikacheka, Koleta naye. Siku hiyo alicheka kweli.

Haikuchukua hata msimu mmoja. Hilari alikuwa akisafiri na garimoshi leo Kigoma, kesho Mwanza, keshokutwa Morogoro, na kila stesheni ina bustani yake na bwana stesheni anayejivunia bustani hiyo. Kila aliporudi alikuwa na kipande cha gunia bichi kwapani, na ndani ya gunia vijiti. Bogenvilia la Kigoma. Waridi la Morogoro, jeupe, lenye majani kama ya kukunjwa kwa mkono. Yale makubwa yenye viazi chini, rangi ya moto, sijui aliyatoa wapi. Marcelina hakuchagua kitu. Alichomeka kila kilichokuja popote palipokuwa na nafasi, akamwagia maji machafu ya vyombo, yakaota. Mchwa hawakuyagusa. Koleta alisimama nyuma ya ua wetu wa minyaa akitazama, na nikamwona ametafuna ncha ya kanga mpaka ikalowa.

"Anapanda kama anayemwagia kuku mtama," akaniambia. "Hajui hata jina la moja."

"Lakini yanaota, wifi."

Hakunisemesha mpaka jioni. Nami nitasema ukweli, yale mawaridi meupe yalipofunguka mara ya kwanza nilikasirika, na sina hata kopo la maua.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na wifi alikonda. Kila asubuhi alivuka njia kwenda kumtukana Marcelina. Alikuwa na matusi ya kuchagua, ameyaandaa usiku kucha. Maua yako yananuka mbuzi. Umeyaiba stesheni, siku moja polisi watakuja kuyafunga pingu. Ua jeupe na mikono yako vimekutana wapi? Aliyasema meno yamebana, macho hayachezi, na Marcelina alishika kiuno akacheka mpaka machozi. "Nyie sikieni, mtani wangu amekuja." Akamjibu kwa mazito zaidi, akamkaribisha uji. Koleta akanywa ule uji. Ukikataa uji wa mtani watu wataona umekasirika, na aliyekasirika ameshindwa.

Hilo ndilo lililomtesa. Angekuwa jirani Mnyamwezi mwenzake, tusi la kwanza lingeleta ugomvi, ugomvi ungeleta wazee, na jambo lingejulikana. Kwa Mgogo kila sumu aliyotema iligeuka mchezo. Mtaa mzima ulisema Ipuli haijapata kuona watani wanaopendana kama wale wawili.

Siku moja Koleta alikuwa akitoka kisimani, ndoo kichwani, mimi nyuma yake. Mtoto akaita, "Mama Maua!" Wifi akaitika palepale, akageuka kwa uangalifu ili maji yasimwagike. Mtoto alikuwa anamkimbilia Marcelina. Alikuwa ametumwa aombe ua la kubandika kwenye gauni la kipaimara.

Koleta akaendelea na njia yake. Alifika nyumbani, akatua ndoo, akaingia chumbani akalala mchana kweupe. Nikamfuata.

"Ana watoto wale wote," akasema akitazama ukuta. "Ana la Kasimiri, ana la yule anayenyonya. Angeitwa jina lolote analotaka. Mimi nilikuwa na hilo moja."

Nikaenda kuchambua mchele.

Desemba ilipofika, siku ya kuamkia sikukuu, mayungiyungi yetu yalikuwa yamesimama kama kawaida, lakini Sista Veneranda hakuonekana. Tulingoja asubuhi, tukangoja adhuhuri. Alasiri Koleta akachukua jembe la mkono na kapu, akavuka njia. Nilimfuata mbio, maana uso wake ulinitisha.

Aliingia bustani ya Marcelina mbele ya watu wote, akaanza kung'oa. Hakukata, aling'oa na mizizi. Mawaridi meupe yalimchoma, damu ikamtiririka mpaka kwenye viwiko, akaendelea. Yale ya rangi ya moto aliyafukua na viazi vyake. Watu wakajaa. Nikajisemea, leo Marcelina ataelewa, leo watashikana, na afadhali.

Marcelina alitoka jikoni ana unga mikononi. Akatazama mashimo. Akamtazama Koleta aliyesimama akihema, kapu limejaa, anangoja.

"Mpagazi," akasema, "ukibeba kwa mkono hivyo utachoka. Baba zako hawakukufundisha?"

Akasokota kanga yake mwenyewe ikawa kata, akaiweka kichwani mwa Koleta, akamtwika lile kapu. Watu wakapiga vigelegele. Mzee mmoja alisema utani wa namna hiyo hajauona tangu utoto wake, kwamba vijana wa siku hizi hawaujui tena. Koleta akatembea na mzigo kichwani, wanawake wakimwimbia wimbo wa wapagazi nyuma yake, na hakuwa na njia ya kuutua.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kanisani, nami naye. Pengine alifikiri, kama mayungiyungi hayatakiwi, basi haya nitayapeleka mimi, kwa mkono wangu, altareni yawe yangu. Sista Veneranda alikuwa sakristia akipiga pasi kitambaa cha altare.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina." Sista akaona kapu, uso ukamchangamka. "Afadhali. Nilikuwa namtuma mtu kuyafuata. Mama Maua ndiye amekutuma?"

Wifi alitua kapu polepole sana.

"Ndiyo," akasema. "Amenituma."

Misa ya sikukuu hakuinamisha kichwa wala hakuhesabu mtu. Nyumbani mayungiyungi yalinyauka yamesimama, hakuyakata hata kwa ajili ya mezani. Siku chache baadaye Marcelina alikuja kulipiza kama desturi inavyotaka, akamkamata jogoo wetu, akampika, akatualika wote. Koleta alipewa firigisi kwa heshima. Nilimtazama akiitafuna, nikaona huruma na kicheko vinanijia pamoja.

Ile bustani iliota tena, bila shaka. Viazi vilivyobaki ardhini vilichipua, Hilari akaleta vijiti vingine, na mvua zilizofuata ziliikuta nzuri kuliko mwanzo. Wifi aliendelea kuvuka njia kila asubuhi. Nilimwambia aache. Akasema hawezi kukaa bila kwenda kuyaona, na akiyaona hawezi kunyamaza.

Kisha reli wakamhamisha Hilari, akapelekwa Dodoma. Habari hiyo ilimfikia Koleta akiwa anapepeta, ungo ukasimama hewani. Wiki ile alikula vizuri, akasuka nywele. Nikasema moyoni, sasa tutapumzika.

Siku ya safari tulikwenda stesheni, maana mtani asiposindikizwa ni aibu. Garimoshi lilikuwa limejaa, Wagogo wengi wanarudi kwao na magunia ya mchele. Marcelina alikuwa dirishani, behewa la daraja la tatu, mtoto mapajani. Alimshika Koleta mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Bustani yote nakuachia wewe. Nimemwambia mwenye nyumba, asiguse mtu. Mtani, nilipokuja huku sikuwa na ndugu. Wengi walinisalimu wakapita. Wewe hukuruhusu asubuhi ipite hujaja kunitukana. Kama si wewe ningekuwa nalia kila siku."

Nilimwona wifi akijaribu kuvuta mikono, na mwenzake hakuiachia. Akafungua mdomo. Nikajua anataka kusema, nikamkanyaga mguu, haikusaidia.

"Marcelina," akasema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mimi sikuwa nakutania. Hata siku moja sijakutania. Nilikuwa nakuchukia. Una watoto, una majina yao, nami nilikuwa na jina moja tu, ukanichukulia bila hata kulitaka. Yale maua niliyang'oa ili uumie. Nilitaka ulie. Nilitaka unipige mbele ya watu. Na leo nimekuja kuhakikisha unaondoka."

Marcelina alimtazama. Alimtazama kwa muda, uso umetulia, na nikaona kwamba amesikia, kwamba hatimaye limefika. Nilishusha macho kwa aibu ya sisi sote wawili.

Ndipo kicheko kikamtoka, kile chake cha kushika kiuno, mtoto akakaribia kuanguka.

"Wagogo wenzangu, njooni dirishani," akaita ndani ya behewa, akijifuta machozi. "Njooni mmwone huyu. Nimetaniwa Tabora mpaka nikakoma, lakini hili la leo hamtasikia jingine."

Wakaja, wakabanana madirishani, akawasimulia neno kwa neno, sauti ya Koleta na macho yake, hakukosea kitu. Behewa zima likaangua kicheko. Garimoshi likapiga honi, likaanza kuvuta, na wifi akabaki amesimama pale, mikono imelegea, huku watu asiowajua wakimpungia kwa furaha mpaka walipopotea.