Siku Niliyokuta Gamboti Zimesimama Bila Watu

Nimewahi kuachwa na basi. Nimewahi kuachwa na mchumba, kadi za harusi zikiwa zimeshachapishwa. Lakini kuachwa nilikoachwa siku ile sikuombei hata wewe usiyenipenda.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, siku ya kazi kama nyingine.

Nilitoka chumba cha mayai nikakuta wenzangu wote hawapo.

Nguo zao ndizo zilizokuwepo.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana mtu akianza kati anaonekana kichaa.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kutotolesha vifaranga. Mayai yanaingia upande huu, vifaranga wanatoka upande ule. Na pale kuna sheria moja kubwa kuliko zote. Ukifika asubuhi unavua vyote ulivyokuja navyo, unaoga, unavaa kaptura na fulana ya kiwanda, juu yake ovaroli nyeupe na gamboti. Viatu vyako vinabaki rafu ya nje.

Ndani, karibu na mlango, pamechorwa mstari mwekundu sakafuni. Kiatu cha nje hakiingii, gamboti na ovaroli havitoki. Wenye kiwanda wanaogopa magonjwa ya kuku kuliko wanavyoogopa wezi.

Kuna kaka mmoja wa kupakia maboksi aliwahi kuuvuka na gamboti, hatua mbili tu, kuokota kofia. Jioni ile ile hakuwa na kazi. Tangu hapo mstari ule ukatuingia kwenye damu.

Sasa mimi ni mlokole, sifichi. Na wakati ule nilikuwa mlokole wa habari.

Likitokea tetemeko huko ng'ambo, mimi nimeshajua. Vita vikizuka, mafuriko yakibeba nyumba, ugonjwa mpya ukipewa jina, mtanisikia mimi kabla ya redio. Wakati wa mapumziko nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje na simu yangu, nawasomea wenzangu moja baada ya nyingine, na kila moja naifunga kwa maneno yale yale: jiandaeni.

Kazini wakanibatiza Dada Ishara.

"Siku Yesu akija kuwanyakua walio wake," nilikuwa nawaambia, "mtageuka mniite, mtakuta viatu vyangu tu."

Walikuwa wanacheka. Lakini nawaambia ukweli, kicheko kilikuwa kinapungua kila wiki. Msimamizi wetu, mama mmoja mkali ambaye hata daktari wa mifugo alikuwa anamwogopa, alishaanza kuniuliza pembeni, "Mwanangu, hivi mtu akiwa na kinyongo na dada yake, ile siku inakuwaje?"

Mmoja tu ndiye aliyenishinda. Fundi wa mashine.

Huyo nilimpa jina la Tomaso, kwa sababu haamini mpaka atie kidole. Nikisema vita, anasema vita vilikuwepo kabla babu yangu hajaota meno. Nikisema tetemeko, anasema ardhi nayo inajigeuza usingizini. Kanisani haendi. Sigara anavuta. Nilikuwa namwambia mbele ya watu, "Wewe ukiachwa, usinitafute."

Naye anajibu taratibu, "Sawa. Ila ukienda, niachie basi hata kikombe kimoja cha chai."

Maana kila asubuhi nilikuwa nakunywa chai kwenye chupa yake bila kuomba.

Siku yenyewe niliamka na habari mbaya. Nchi mbili zimeanza kurushiana makombora. Upande mwingine mto umepasua kingo, watu wako juu ya mapaa. Nilimwandaa mwanangu kwenda shule, ana miaka sita, huku jicho moja liko kwenye simu. Aliniuliza kitu, nikamwambia subiri. Hata leo sikumbuki aliniuliza nini.

Kazini nikaingiza simu ndani ya ovaroli, kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Nikachomeka visikilizio masikioni, nikavuta kofia juu yake. Nikaenda chumba cha mayai peke yangu kupanga trei.

Kile chumba feni zake zinanguruma muda wote. Mahubiri masikioni, feni nje ya masikio. Hata ungepiga ngoma nyuma yangu nisingegeuka.

Mhubiri alikuwa amepandisha sauti. "Siku hiyo utamgeukia mwenzako wa kazi. Utaita jina lake. Utakuta nguo. Nguo tu."

Nikasema amina.

Feni zikazimika.

Jamani, kwa wasiojua, feni za kutotoleshea hazizimiki. Umeme ukikatika jenereta inawaka kabla hujamaliza kusema ah. Nikasimamisha mahubiri. Nikatoa kisikilizio kimoja. Kimya. Nikatoa cha pili.

Kwa mbali, vifaranga. Maelfu yao, wanalia.

Sauti ya mtu hata moja hakuna.

"Jamani?" nikaita.

Nikafungua mlango, nikatoka kwenye korido.

Mbele ya ule mstari mwekundu, gamboti zilikuwa zimesimama. Mbili mbili, zimesimama kabisa kama watu wamo. Na ovaroli nyeupe zimeporomoka juu yake, zimejikunja kuanzia shingoni hadi miguuni, kama aliyekuwa amezivaa ameyeyuka akiwa wima.

Si moja, si mbili. Korido nzima.

Ya msimamizi niliitambua kwa kalamu mfukoni. Ya dada wa kuchanja vifaranga niliitambua kwa kiraka cha gotini.

Kila siku nguo zile zinatupwa kwenye kapu na gamboti zinapangwa kwenye rafu. Hakuna mtu aliyewahi kuziacha sakafuni, msimamizi angemla nyama.

Nilijishika ukutani, mkojo ukanitoka kidogo, na sioni haya kusema.

Wameenda. Wameenda wote. Mimi niliyewahubiri ndiye niliyebaki.

Nikatoa simu, nikampigia mama. Mama yangu ni mtu wa kufunga na kuomba, huyo hata malaika wanamsalimia. Namba haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

Kisha nikamkumbuka mwanangu.

Mtoto wa miaka sita hana dhambi. Huyo ameenda, hilo halina mjadala. Ameenda bila mimi, na asubuhi nimemwambia subiri. Kilio kilichonitoka hapo sikukijua ni changu.

Mlango wa kutokea ulikuwa pale pale, mbele yangu. Nguvu za kuufikia nilikuwa nazo.

Sikwenda. Niende wapi? Kama Yesu ameshakuja na kupita, nje kuna nini cha kukimbilia?

Nikapiga magoti katikati ya zile nguo, nikaanza kutubu. Nilitubu vyote. Mwenzangu wa kwaya niliyemnunia tangu Pasaka. Uongo wa umri wangu. Simu ndani ya ovaroli. Chai ya Tomaso.

Ndipo ikaja harufu.

Iliingia puani kama sindano. Macho yakaanza kuwaka, machozi yakabubujika, koo likajifunga. Sikuwahi kunusa kitu kama kile maishani. Akilini mwangu kulikuwa na neno moja tu, lile la Biblia: kiberiti. Hukumu imeanza, na inaanza na mimi.

Nilikohoa mpaka nikalala chini. Shavu langu lilikuwa juu ya ovaroli ya mtu. Nikawa naomba kitu kimoja tu, nimwone mwanangu hata kwa mbali, hata kupitia dirishani, halafu wanipeleke wanakonipeleka.

Nikasikia viatu.

Mtu anakimbia kuja kwangu, taulo lililolowa limefungwa usoni, fulana na kaptura. Akashusha taulo kidogo.

Tomaso.

Ndugu zangu, nilidhani nimeshaogopa, kumbe nilikuwa bado. Nilipomwona yeye matumaini ya mwisho yalikatika. Kama na huyu yupo, basi kweli nimeachwa. Nimewekwa kundi moja na Tomaso.

"Na wewe umeachwa?" nikamuuliza.

"Nimeachwa na nani?"

"Yesu."

Akaniangalia. "Dada yangu, inuka. Ni dawa. Pipa la dawa ya kufukizia mayai limepasuka."

Nikaangalia miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vya nje, vumbi na kila kitu. "Umevuka mstari," nikamwambia.

"Ndiyo. Inuka."

Sikuweza. Akanifunga lile taulo lake usoni mwangu, akanibeba begani kama gunia, akatoka. Yeye mwenyewe alibaki uso wazi. Nilimsikia akikohoa kila hatua, kile kikohozi cha mtu anayechanika ndani.

Mlango ukafunguka, jua likanipiga.

Sasa sikilizeni nilichokikuta nje.

Wenzangu wote walikuwa uwanjani, wamevaa kaptura na fulana. Wamepiga magoti. Msimamizi, yule mama mkali, alikuwa kifudifudi kwenye kokoto, analia, anaita jina la dada yake, anaomba msamaha. Dada wa kuchanja ameinua mikono. Yule mlinzi wa getini ambaye hata kusalimia ni shida, naye alikuwa chini.

Waliponiona begani kwa Tomaso, mmoja akapiga ukelele akakimbia.

Ilikuwa hivi. Pipa lilipopasuka king'ora kililia, mimi nimeziba masikio kwa mahubiri. Wakakimbia. Lakini walipofika kwenye ule mstari, na dawa inawafuata nyuma, mwili wa kila mmoja ukafanya ulichozoea. Vua ovaroli, chomoa mguu kwenye gamboti, ruka, toka. Mtu anakimbia kuokoa roho yake na bado anaogopa kufukuzwa kazi. Kisha umeme wote ukazimwa, na jenereta pia, moto usije kuzuka. Ndiyo maana feni zilinyamaza.

Nje wakaitana majina. Mmoja hayupo.

"Dada Ishara yuko wapi?"

Wakatazama rafu. Viatu vya kila mtu vimeshachukuliwa. Vyangu vimebaki, vimekaa pale peke yake.

Hayo walinisimulia baadaye. Halafu dada wa kuchanja akasema polepole, "Si alisema? Alisema tutakuta viatu."

Hapo ndipo magoti yalipoanza kugonga chini.

Wengine waliamini kabisa. Wengine waliamini nusu, lakini nusu inatosha kumfanya mtu asirudi kwenye dawa. Nani atahangaika kumtafuta mtu ambaye yuko mbinguni? Walijililia wenyewe. Wakati mimi nalia ndani kwamba wao wameenda, wao walikuwa wanalia nje kwamba nimeenda mimi. Kati yetu kulikuwa na mlango mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa nakufa.

Maneno yangu ndiyo yaliyonifungia mle ndani. Miezi na miezi nawajaza hofu, na siku nilipohitaji mtu wa kunifuata, hofu ile ile iliwapigisha magoti.

Tomaso peke yake alivitazama vile viatu akasema, "Viatu vyake vipo, basi yumo ndani."

Tulilazwa mimi na yeye. Mimi siku chache, yeye zaidi, maana alivuta dawa nyingi. Mama alikuja mbio. Kumbe simu yake ilizima chaji tu. Alikuja na mwanangu, na mwanangu akapanda kitandani na viatu vyake, nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Walipoondoka nikaenda kitandani kwa Tomaso, aliyekuwa na mipira ya oksijeni puani.

"Ulijuaje kwamba sijanyakuliwa?" nikamuuliza.

Akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Asubuhi ile ulikunywa chai yangu chupa nzima. Nikasema huyu leo hawezi kupaa."

Nikacheka mpaka nesi akatugombeza. Halafu nikalia.

"Lakini ungeweza kufa," nikamwambia. "Na hata hunipendi."

"Sikuwaza mambo ya kupenda," akasema. "Ulikuwa ndani, na mlango ulikuwa unafunguka."

Niliporudi kitandani sikulala. Nilikuwa nawaza wokovu niliouhubiri miaka yote. Nilimhubiri Yesu anayekuja kuchukua walio tayari na kuwapita wengine. Nikasahau kabisa habari iliyoniokoa mimi mwenyewe tangu mwanzo: kwamba alituona tumo ndani, hatuna nguvu ya kuinuka, akaingia. Kilichotakiwa kutuua kikamuua yeye. Mtu asiyekwenda kanisani ndiye aliyekuja kunikumbusha, kwa mapafu yake.

Naamini bado kwamba atarudi. Kwa hilo msinibishie, mtachoka. Na dalili naziona, sijapofuka.

Leo asubuhi simu imeleta habari nyingine. Mji fulani umepigwa, watu wako chini ya kifusi. Zamani ningeisambaza kwa watu mia, chini yake naandika jiandaeni. Safari hii niliiweka simu mezani, nikapiga magoti, nikawaombea kama mtu anayejua kukosa pumzi ni nini. Kisha nikatoka, nikagonga kwa jirani yangu ambaye amefiwa na hajatoka nyumbani tangu mazishi.

Ndugu yangu unayesoma, ukisikia dunia inatikisika, usikimbilie kuuliza nani ameenda na nani ameachwa. Uliza ni nani bado yuko ndani. Halafu ingia.