Acom Hakupiga Magoti

Acom na mimi tunauza karanga meza moja soko la Busia, upande wa Kenya. Kwa miaka yote tuliyouza pamoja hakuwahi kukubali meza iliyo mbali na choo, na mimi nilimtania sana kabla sijajua sababu.

Sababu ilikuwa Merikit, upande wa Uganda, kwa wakwe zake. Kifungua mimba wake alimzalia jikoni, maana mama mkwe alikataa katakata apelekwe hospitali. "Wanawake ya hapa nazaa hapa," alisema. Acom akachanika hadi nyuma, na tangu siku hiyo hakuweza kuzuia haja kubwa. Mumewe, Okurut, akahamia chumba kingine bila neno. Nikimkumbuka mwanamume yule damu inanichemka.

Mwaka huu daktari wa upande wetu alimtia Acom waya mwembamba mgongoni, chini kabisa, uamshe mishipa ya fahamu inayofunga njia ya haja. Ncha ya pili iliunganishwa na kijisanduku alichofunga kiunoni. Yalikuwa majaribio ya wiki mbili tu. Waya ukifanya kazi, angepandikizwa betri ndogo chini ya ngozi, aishi nayo. Lakini asiiname, asibebe mzigo. Waya ukihama, ameikosa nafasi. Wiki ya kwanza nguo zake zilibaki safi, na Acom akacheka sokoni mpaka wateja wakageuka.

Kisha baba mkwe akafa.

Nilimsindikiza Merikit kwa sababu nawajua watu wale. Hata hatujafika penye jeneza, mama mkwe alitusimamisha. Shemeji yake Acom, Engole, akamtupia dumu tupu miguuni.

"Salimia watu kwa magoti, halafu enda kisima," mama mkwe akaamuru.

"Pole sana, Mama. Magoti siwezi. Maji pia siwezi."

"Kenya imeharibu huyu!" Engole akafoka. "Mzee nalala pale, yeye nasimama kama askari!"

Okurut, aliyejua kila kitu, alitazama viatu vyake. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya maiti ya babake.

Acom akapandisha blauzi kidogo, kijisanduku kikaonekana. "Mimi najinyea," akasema, na wanakwaya wakasikia. "Tangu mlinizalisha kule jikoni. Hii waya ndio nazuia. Nikiinama, inatoka. Sasa nani hapa nataka niiname?"

Engole aliokota dumu, akaenda kisimani mwenyewe.

Baada ya maziko mama mkwe alimvuta Acom nyuma ya jikoni. Nikawafuata, tayari kwa vita. Lakini bibi yule aliuliza kwa sauti ya chini daktari yuko wapi, na kama anatibu wazee.

"Nani mgonjwa?" nikamuuliza.

"Mimi. Tangu nizae Okurut."

Okurut ana mvi! Mwanamke huyu aliyajua mateso hayo tangu ujana wake, aliyajua mwilini mwake, na bado akamzuia mwenzake kwenda hospitali. Nilimwambia maneno ambayo hayasemwi matangani. Acom akanishika mkono ninyamaze.

"Alhamisi naenda kuwekwa betri," akamwambia. "Twende wote, Mama."

Wakaenda wote. Mimi nilibaki na karanga, na mpaka leo sijamsamehe yule bibi.