Leseni ya Kusema

Mwongeli alikuwa amefeli mara mbili, na mara zote mbili aliyemfelisha ni mdoli wa plastiki. Kwa miaka kumi na sita alikuwa ameshusha watu hai kwenye ngazi za maghorofa yasiyo na lifti, amezalisha akina mama watatu kando ya Waiyaki Way, amefunga majeraha ambayo wengine walishindwa hata kuyatazama. Halafu mdoli asiye na miguu, aliyelazwa juu ya meza huko River Road, akamwangusha. Mambo ya dunia ukiyashangaa utachoka bure, na Mwongeli alikuwa amechoka tayari.

Kisa kilianza na barua. Amri ilitoka kwamba kuanzia Julai, mtu asikae nyuma ya ambulensi na mgonjwa bila leseni. Leseni ilikuwa na mtihani wa vitendo, na mtu aliruhusiwa kuufanya mara tatu tu, basi. Meneja wa kituo chao cha ambulensi cha Parklands alimwambia, kwa ule upole unaoudhi kuliko matusi, kwamba akikosa leseni hatafukuzwa. Atapewa kazi ya kufua mablanketi na kuosha gari. Mwongeli aliitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mahali pake duniani palikuwa kile kiti kidogo cha kukunja, kando ya kichwa cha mgonjwa. Mahali pengine hakupajua.

Ugonjwa wake ulikuwa ulimi: haukuzoea kusema kazini. Kituo kile kilianzishwa na mzee Navnit, mfamasia aliyekuwa na duka la dawa River Road, aliyenunua gari la kwanza kwa michango ya Wahindi wenzake. Ndiye aliyemfundisha Mwongeli kazi, na somo la kwanza halikuwa la bendeji.

"Mgonjwa anasikia mpaka mwisho," alimwambia. "Hata macho ikifunga, masikio bado iko kazi. Usimsomee habari yake kama wewe ni redio."

Basi kwenye gari lao watu walifanya kazi kimya. Kati ya nyuma na dereva palikuwa na dirisha dogo la kioo, na mzee alibuni ishara zake. Ukigonga mara moja, dereva aende polepole. Mara mbili, akanyage mafuta. Ukiweka kiganja kwenye kioo na kukiacha kimetulia, basi, haraka haina maana tena. Kibe, dereva, akikiona kiganja hicho alizima king'ora bila kuuliza, na familia iliyokaa pembeni haikujua lolote mpaka ilipofika mbele ya daktari. Mwongeli aliona hiyo ndiyo heshima ya mwisho ambayo mtu anaweza kupewa, na mpaka leo hakuna aliyemwonyesha kwamba alikosea.

Mtihani, lakini, ulitaka kelele. Kila unachofanya ukitangaze: eneo ni salama, nimevaa glavu, naangalia kama anapumua. Mara ya kwanza Mwongeli alimhudumia yule mdoli vizuri mno, kimya, kwa dakika tisa, akapata alama nne kwa mia.

Msimamizi alikuwa Ryan. Ryan huyu aliwahi kuletwa kwenye gari lao kujifunza kazi, akatapika kwenye ajali ya kwanza aliyoitwa kuhudumia pale Kangemi, na Mwongeli ndiye aliyemshika kichwa. Sasa alikuwa na tai na ubao wa fomu.

"Anti, uliangalia kama anapumua?"

"Si umeniona?"

"Nimekuona. Lakini hii fomu haina macho. Mimi naweka tiki kwa kile nimeskia, na sijaskia kitu." Kijana aliona haya, hilo Mwongeli alilikubali. "Pole, Anti. Ukifanya bila kusema ni kama hujafanya."

Mara ya pili alijikaza, akasema. Alisema eneo, akasema glavu, akasema mpaka akafika pale pa kutangaza kwamba mgonjwa hapumui na hana mapigo. Akamtazama mdoli, mdomo wazi, macho juu, nywele za kupakwa rangi. Maneno yakagoma. Mtu amelala hapo, utamwambiaje? Alijua fika kwamba ni plastiki, na bado hakuweza. Muda ukaisha. Alishuka ngazi za lile jengo huku mashine za ghorofa ya chini zikichapa kadi za harusi, akalia kidogo kwa hasira, akapangusa uso kabla ya kutokea barabarani.

Samaki mkunje angali mbichi, na yeye alikuwa amekauka zamani. Hata hivyo alijikunja. Nyumbani kwake Mountain View akawa anatangaza kila kitu: eneo ni salama, nawasha jiko, sufuria haina mpasuko, namimina unga. Jirani akamuuliza Muindi, mtoto wa Mwongeli, kama mamake amejiunga na kanisa jipya. Mwongeli hakuwa na nguvu ya kucheka. Alikuwa akitoka zamu na miguu imevimba, anapika ugali huku akiutolea ripoti, anaanguka kitandani.

Siku ya mtihani wa tatu alipanda zile ngazi akipumzika kila ghorofa. Alifanya yote kwa sauti mpaka akafika pale pale. Ryan aliacha kuandika. Mwongeli akainama, akaziba masikio ya mdoli kwa viganja vyake viwili vyenye glavu, kisha akamgeukia kijana.

"Hapumui," alisema. "Hana mapigo. Naanza kukandamiza kifua."

Ryan aliinamisha kichwa juu ya fomu. Kisha akaweka tiki.

Leseni ilikuja mwanzoni mwa Julai, kadi ndogo yenye picha ya mwanamke anayesinzia. Wiki moja baadaye, saa nne asubuhi, simu ilipigwa kituoni kutoka Kilimani: mzee wa miaka themanini na mbili, maumivu ya kifua. Kibe aliitazama anwani mara moja tu, akawasha gari.

"Mama Muindi," alisema, "hiyo ni nyumba ya mzee Navnit."

Walimkuta sebuleni, kijivu usoni, jasho likimtoka, binti yake Ishita akimpepea na gazeti. Walimshusha, wakamwingiza garini, Ishita akaketi mbele na Kibe. Mwongeli alimvisha oksijeni, akamfunga mashine ya presha, na mazoea mapya yakamponyoka mdomoni kabla hajayashika.

"Presha themanini kwa hamsini. Mapigo hayana mpangilio."

Alitamani kujizaba kofi. Mzee alifungua macho.

"Nani amekufundisha kelele?" alinong'ona chini ya barakoa.

"Serikali, mzee. Siku hizi nina leseni."

"Leseni," alisema mzee, na kitu kama tabasamu kikapita. "Mimi sikukupa hata cheti."

Walipopita Yaya kuelekea hospitalini, mapigo yalianza kulegea. Mwongeli aliinua mkono kwenye kioo amwambie Kibe, mkono ukamfia hewani. Aliyebuni ishara zote zile ndiye huyu aliyelala hapa. Kila kitakachogongwa atakisoma. Miaka kumi na sita aliwaficha wagonjwa habari zao kwa lugha ya mtu huyu, na huyu tu ndiye hakuweza kufichwa.

Basi akasema. Hakusema ya fomu. Alisema barabara, kwa sababu hakuwa na kingine. "Tuko Hurlingham, mzee. Kibe anapita katikati, watu wanatupisha. Kuna mama anauza maparachichi. Sasa tunaingia Valley Road." Magoti yalimuuma pale sakafuni, akaendelea. Mzee alimsikiliza akiwa amefumba macho.

Karibu na mwisho wa Valley Road, mkono mkavu wa mzee ulitoka chini ya blanketi. Ulitafuta mkono wa Mwongeli, ukaupata, ukaweka kiganja juu yake. Ukakiacha kimetulia.

Mwongeli alikielewa kile kiganja kabla hakijatua vizuri. Ilikuwa ni amri ya mwalimu wake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaidi hata moja. Alichoka ghafla, uchovu wa miaka kumi na sita ukamshukia kwa pamoja, na kuna sehemu yake iliyotaka kutii, king'ora kizimwe, wapumzike wote wawili.

"Hapana, mzee," alisema. "Leo mwenye leseni ni mimi."

Akaiacha mikono yao ilivyo, na kwa mkono wa pili akagonga kioo mara mbili, kwa nguvu, mzee asikie. Na kwa kuwa kugonga hakukumtosha, akapaza sauti, kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile.

"Kibe, kanyaga! Bado yuko na sisi! Kanyaga!"