Uyoga Niliokata kwa Kisu

Kwetu Moi's Bridge uyoga uliota kwenye vichuguu, na ulikatwa kwa kisu, haukung'olewa. Mama alisema ukiung'oa, kichuguu kitakunyima mwaka ujao. Kwa hivyo siku niliyoenda Timboroa kununua viazi, nikaona uyoga mweupe chini ya misonobari, niliukata vivyo hivyo, usawa wa ardhi, nikajaza mfuko. Nikajiona mjanja kweli.

Kesho yake mchana, nyumbani kwangu mtaani Munyaka, niliukaanga na kitunguu. Mimi nilikuwa nimefunga kwa maombi, basi binti yangu wa miaka saba nilimpakulia peke yake. Akakunja pua. Nikamwambia, "Maliza hiyo sahani, la sivyo utanijua mimi ni nani." Nilipotoka kuanika nguo na kurudi, sahani ilikuwa tupu.

Jirani yangu, mama aliyekulia kando ya msitu ule wa Timboroa, alikuja kuomba kiberiti. Mfukoni ulikuwa umebaki uyoga mmoja, niliokuwa nimeung'oa kwa bahati mbaya. Akauinua.

"Woi! Hii mmekula?"

Akanionyesha tofauti. Uyoga wetu wa kichuguu, shina lake hushuka ardhini kama mzizi wa karoti, na kofia ina ncha katikati. Huu ulikuwa na kitu kama sketi shingoni, na chini umekaa ndani ya kikombe cheupe. Vikombe vya ile mingine yote nilikuwa nimeviacha udongoni, mimi na kisu changu na akili zangu.

"Huu unaua," alisema. "Na hauanzi saa hii. Unakuacha ucheke mpaka kesho."

Nilimnyakua mtoto, tukapanda bodaboda, mimi nalia na kufoka papo hapo: Tumbo linauma? Sema! Kwani huna mdomo? Alitikisa kichwa tu. Niliogopa, jamani. Tulifika hospitalini ndipo nikaona sina viatu.

Muuguzi alipoleta sindano ya kumtundikia maji, binti yangu akaanza kutetemeka mwili mzima. Nikajua sumu imefika. Nikapiga nduru.

"Sikula," alinong'ona. "Niliwapa kuku."

Muuguzi alicheka, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilinyoosha mikono nimkumbatie mwanangu, naye akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Mum, usinichape."