Kipande cha Njano

Vibarua walimwita Mizani. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha trekta la kumwagia mbolea, na kwa kusikiliza tu chembe za yurea zikigonga bati la mashine, alijua kama ekari inapewa nyingi au inapunjwa. Mumewe alipofariki, usimamizi wa shamba ulikwenda kwa mdogo wa marehemu, shemeji ambaye tangu zamani hawakuiva naye chungu kimoja.

Shemeji alikuja na ramani. Picha za setilaiti ziligawa shamba la ngano kwa rangi: penye kijani mashine ingejibana yenyewe, penye njano ingeongeza mbolea. Kazi ya dereva, alisema mbele ya watu wote, sasa ni kupasha kiti joto.

Mizani hakuibeza ramani. Ilimuuma kukiri, lakini sehemu kubwa ilisema kweli. Ila kipande cha chini, kando ya mtaro, kilikuwa njano kwa maji yaliyotuama, si kwa njaa ya mbolea. Alimweleza. Shemeji akacheka, akauliza masikio yake yameanza lini kuruka angani kama setilaiti.

Basi alipokikaribia kipande kile akafunga mlango wa mbolea, akageuza trekta kurudi sehemu kavu. Hakujua kwamba mashine huandika kila inachomwaga. Asubuhi yake shemeji alimwita uani, akawaonyesha vibarua skrini: tundu jeupe katikati ya rangi, na mifuko minne iliyobaki.

"Haya, shemeji. Hii minne ulikuwa unampelekea nani?"

"Nenda kakanyage pale chini, halafu uniulize."

"Lete funguo."

Alizitoa. Vibarua waliangalia viatu vyao.

Mchana huohuo shemeji alipanda trekta mwenyewe kwenda kuziba lile tundu jeupe. Trekta likazama mpaka kwenye ekseli. Walichimba siku mbili, wakatandika mbao, likazidi kudidimia. Siku ya tatu alifika mlangoni kwa Mizani, matope mpaka magotini, akasema ni yeye tu anayelijua lile trekta.

"Nitakuja," Mizani alisema, "ukiwaambia vibarua walewale kwamba mimi si mwizi."

Shemeji akatazama pembeni. "Tuyaache hayo. Yameshapita."

Mizani akafunga mlango. Kutoka dirishani alikiona kiti chake kule kwenye trekta kimelala upande, mvua ikianza kukilowesha. Hakwenda.