Kigoda Kibichi

Mtaa mzima ulimwita Mama Vigoda, naye aliitika bila kinyongo, ingawa kati ya watoto aliowazaa hakuna aliyeitwa Kigoda. Jina lilitoka kwenye kazi. Mumewe, ambaye watu walimwita Fundi tu kana kwamba dunia nzima haina fundi mwingine, alikuwa akikereza vyombo vya mbao kwa mashine: mabakuli, vikombe, mitungi midogo yenye shingo nyembamba, vitu vya kupamba nyumba visivyotiwa mchuzi wala maji. Na Fundi huyo alikuwa na kichaa chake kimoja. Hakuwahi kutengeneza chombo chenye kitako bapa. Vyote alivimaliza mviringo kwa chini, kwa hiyo ukikiweka kimoja mezani kinalala ubavu na kubiringika mpaka kikutane na ukuta.

"Chombo kinachojikalia chenyewe kina kiburi," alisema kila alipoulizwa.

Hapo ndipo mkewe alipoingia. Aliketi mlangoni mwa karakana, penye mwanga, akachonga kwa mkono kikalio cha kila chombo, kigoda kidogo chenye shimo la mviringo katikati ambamo chombo kilikaa kikatulia. Yeye ndiye aliyechagua mbao. Chombo cheupe alikipa kigoda cheusi, chombo chenye mistari mingi alikipa kigoda kimya kisichosema kitu, na mtungi mrefu alikipa kigoda kifupi kipana ili usionekane kama mtu anayechungulia uani kwa jirani. Kisha alivipanga kwenye rafu ya mbele, akarudi nyuma, akakunja uso, akasogeza kimoja kidogo tu, akarudi nyuma tena. Ukimwita kula wakati huo unajipotezea muda wako.

Wateja walisifu vyombo mpaka mate yakawakauka, na vigoda hawakuviona hata kidogo. Ungedhani Mama Vigoda aliumia. Wapi! Alisema kigoda kikisifiwa kwanza, basi kimeharibika. Bwana mmoja mjuaji alinunua bakuli akakataa kigoda chake, akisema hataki makorokoro. Hazikupita siku nyingi akarudi na bakuli lenye jeraha mdomoni, uso umemshuka. Mama Vigoda alimpa kigoda bila neno. Fundi ndiye aliyecheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mbao, na mkewe akamfukuza huko ndani kwa ufagio.

Katika kazi ile palikuwa na sharti moja ambalo hawakulivunja. Mbao ya kigoda lazima iwe imekauka. Mbao mbichi hujikunja ikikauka, na shimo la kigoda likijikunja litakibana chombo, na chombo cha Fundi kilikuwa chembamba kiasi kwamba ukikiinua juani unaona kivuli cha vidole vyako. Kwa hiyo kabla ya lolote kipande cha mbao kilipelekwa shavuni. Mbao mbichi ni ya baridi shavuni hata wakati wa jua kali, na iliyokauka ina joto lake. Fundi alikuwa akikiegemeza kipande kwenye shavu la kushoto, daima la kushoto, maana la kulia lilijaa makovu ya vipande vilivyoruka kutoka mashineni. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza umbea, kisha akatoa hukumu: "Kimekauka," au, "Kirudi darini." Mkewe hakuwahi kumbishia, na yeye ni mtu wa kubishia hata mvua.

Kisha kiharusi kikaja, kikachukua upande wote wa kulia. Mkono ukalala, mguu ukalala, shavu likashuka kama shuka lililoanikwa vibaya. Mashine ilifunikwa gunia. Binti yao wa mwisho, kitindamimba, akarudi nyumbani kumsaidia mama yake kumgeuza na kumwosha baba.

Chombo chake cha mwisho kilibaki juu ya meza ya kazi, kimelala ubavu. Kilikuwa mtungi wenye tumbo pana na kitako kidogo mno, uliotoka kwenye tawi la mti wa pale uani. Tawi lile lilikatwa zamani, binti angali mdogo, likakaa darini miaka yote hiyo, na lote liliishia kwenye mtungi. Mti wenyewe waliuangusha juzijuzi tu, msimu wa mvua, kwa sababu mizizi ilikuwa inainua ukuta. Shina lilikuwa bado uani, likichuruzika maji.

"Mama Watoto," Fundi alisema siku moja, kwa mdomo ule uliokuwa unavuta maneno upande mmoja. "Ule mtungi. Utengenezee kigoda."

"Nitautafutia mbao nyeusi. Utapendeza."

"Hapana. Miaka yote tumeoanisha vyeusi na vyeupe. Huu ukae na ndugu yake. Mti uleule."

"Mti uleule ni mbichi, Baba Watoto. Subiri ukauke."

Fundi alimtazama kwa lile jicho zima. "Nisubiri nini?" aliuliza.

Mama Vigoda akatoka nje, akakaa juu ya shina, akalia kwa hasira. Alikuwa na hasira na mti, na kiharusi, na yeye mumewe kwa kuuliza swali kama lile. Akifikiria kumletea mbao nyingine, aliona haiwezekani, kwani mistari ya mti ule Fundi aliijua kama sauti za watoto wake. Alikata kipande cha shina, akakiweka karibu na jiko kikauke upesi. Kikaanza kupasuka, akakitoa mbio. Akakata kingine. Akapiga moyo konde, akakichonga hivyohivyo, kibichi, maji yanamlowesha viganja.

Kwa kawaida aliacha nafasi finyu kati ya chombo na kigoda, unene wa karatasi tu, ili viwili hivyo vikae pamoja bila kushikana. Lakini mtungi ule ulikuwa mzito juu na mdogo chini, ukiachiwa nafasi unaanguka. Ikabidi aubane. Alikuwa anajua vizuri anachokifanya. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yake.

Alipomaliza alikifuta kigoda kwa kitambaa, akakipaka nta ili kuficha ule unyevu, akakipeleka kitandani.

"Kimekauka?" Fundi aliuliza.

"Kimekauka," alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mumewe kuhusu mbao. Kuhusu mambo mengine sisemi, ndoa ni ndoa.

Fundi alikipokea kwa mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Akakipima uzito kidogo. Mama Vigoda akajua sasa kitapelekwa shavuni na mambo yataharibika. Lakini ule mkono ulipita mbele ya kidevu, ukaenda ng'ambo, kwa tabu, ukakiegemeza kigoda kwenye shavu la kulia. Shavu lililokufa. Fundi akafumba macho, akakaa hivyo.

"Kimekauka kweli," alisema.

Ugonjwa umemchanganya, mkewe aliwaza, amesahau hata shavu lake. Na moyoni alishukuru. Alishukuru kwamba mumewe amechanganyikiwa. Shukrani hiyo ilimsuta tangu saa ile, na hakumwambia mtu.

Waliuweka mtungi juu ya kigoda, kwenye meza ndogo mbele ya kitanda. Ulisimama. Rangi ya kigoda ilipanda moja kwa moja ikaingia kwenye mtungi, mistari ikafuatana, hata usingejua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Fundi alikuwa akiutazama asubuhi akiamka na mchana akilishwa uji. Hakuchukua muda akafa, uso wake umeelekea huko.

Waliokuja kuzika walipita mmoja mmoja mbele ya ile meza. "Mikono ya marehemu hiyo," walisema, na Mama Vigoda akaitikia. Binti akauhamishia mtungi sebuleni, mahali ambapo kila anayeingia atauona.

Msimu wa jua ukaingia. Mama Vigoda akaanza kuupitia mtungi kila alipofagia, akijifanya anapangusa vumbi. Siku moja aliushika kiunoni akajaribu kuuzungusha. Haukucheza. Kigoda kilikuwa kimeshaushika, na kila siku ya jua kilizidi kukaza. Dawa ilikuwa moja tu: kukikata kigoda, kukivunja vipandevipande, mtungi upone.

Akaenda kuchukua msumeno mdogo. Alikuwa ameshauweka kwenye ukingo wa kigoda binti alipotokea jikoni.

"Mama! Unakata nini? Si kitu cha mwisho alichokitazama baba?"

Angeweza kusema wakati ule. Maneno hayakuwa mengi: mwanangu, nilimdanganya baba yako. Lakini ni mwanamke gani anayemwambia binti yake kwamba mtu anayekufa alimwuliza swali moja tu naye akamjibu uongo? Akaurudisha msumeno karakanani, akautundika msumarini. Tangu hapo akawa anakaa sebuleni bila kazi, akisubiri.

Ilikuwa alasiri, wote wawili wanachambua mchele sebuleni, mtungi ulipolia. Mlio mkavu, mmoja. Ufa ulitoka chini, ukapanda tumboni, ukafika shingoni, na mtungi ukakaa pale wazi, mwanga wa dirishani ukipita katikati.

Mama Vigoda hakupiga kelele. Aliweka sinia chini, akajifunika uso kwa kanga, akalia kama ambavyo hakulia mazikoni. Na katika kulia huko akayatoa yote, jinsi shina lilivyokuwa mbichi, jinsi alivyopaka nta, jinsi mumewe alivyochanganya mashavu na yeye akashukuru.

"Nilimchezea shere mgonjwa," alisema. "Mume wangu. Na chombo chake nimekiua."

Binti aliurudisha mchele kwenye sinia.

"Mama," alisema taratibu. "Baba aliniachia maneno. Siku uliyokwenda kutafuta dawa. Nilidhani ni homa, yalikuwa hayana kichwa wala miguu, nikaona nisikuongezee uchungu."

"Maneno gani?"

"Alisema, mama yako atalia kwa ajili ya ule mtungi. Siku hiyo mwambie shavu nililichagua mwenyewe."

Mama Vigoda alishusha kanga usoni. "Rudia," alisema.

"Shavu nililichagua mwenyewe. Basi, hayo tu. Yana maana gani, mama?"

Mama yake aliuona tena ule mkono mzima ukipita mbele ya kidevu, unaliacha shavu lililo hai na kwenda kulitafuta lililokufa. Fundi alikuwa ameshakipima kigoda uzito, na mbao mbichi ni nzito. Alijua kabla hakijafika usoni.

Akasimama. Mtungi uliopasuka ulikuwa umelegea, ukatoka wenyewe alipougusa, akaulaza mezani ubavu, kama ulivyokuwa siku ulipotoka mashineni. Akakichukua kigoda kwa mikono miwili, akakipeleka shavuni, la kushoto, akafumba macho. Kilikuwa na joto.

"Sasa kimekauka, Baba Watoto," alimwambia, na safari hii hakuwa anamdanganya.